Mume wangu amefariki na ada ya binti imenishinda: msaada nitaupata wapi?

"Mshauri, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dodoma na nina genge la mboga na matunda. Binti yangu mkubwa yuko kidato cha pili katika shule binafsi ya bweni mkoani Morogoro, na mdogo wake wa kike yuko darasa la sita katika shule ya serikali. Baba yao alikuwa dereva wa lori wa kampuni ya usafirishaji, akafariki kwa ajali mwezi Februari akiwa safarini. Yeye ndiye aliyekuwa akilipa ada, shilingi 2,400,000 kwa mwaka kwa awamu nne. Awamu ya kwanza aliimaliza, ya pili nimelipa nusu, na sasa shule imesema Julai asirudi bila kumaliza deni na kulipa awamu ya tatu. Nikishatoa chakula na kodi ya nyumba, hubaki na kama 90,000 kwa mwezi. Nimeambiwa Bodi ya Mikopo inasaidia, wengine wanasema niende kwa mbunge, na kuna mtu amenipigia simu anataka 30,000 ya fomu ya ufadhili. Jirani yuko tayari kunikopesha 900,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Binti anafanya vizuri sana darasani na sitaki kumhamisha. Nifanye nini?"

Dada yangu, pole sana kwa kufiwa, na pole kwa kulazimika kuhesabu ada wakati bado uko kwenye majonzi. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake kuna sentensi moja uliyoiandika kwa kupita tu ambayo naiona kuwa na uzito kuliko nyingine zote. Nitaifikia. Kwanza niyaondoe mambo matatu yatakayokupotezea muda na fedha.

La kwanza ni mkopo wa jirani. Asilimia 20 ya shilingi 900,000 ni shilingi 180,000, na hiyo ndiyo riba ya mwezi mmoja kabla hujagusa deni lenyewe. Wewe hubaki na 90,000 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba hata ukitoa kila senti unayobakiza, nusu ya riba itakosa kulipwa, deni litazidi kukua, na kinachofuata ni kuuza mtaji wa genge, ambao ndio unaowalisha watoto wote wawili. Watu huiita mikopo ya namna hii "kausha damu", na hawajakosea. Hali ni hiyo hiyo kwa programu za simu zinazotoa mikopo ya haraka. Nyingi kati yake zilikuwa zikifanya kazi bila leseni, hata mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikalazimika kutangaza orodha yake hadharani. Ninakuomba jirani umshukuru na usichukue.

La pili ni yule mpigaji simu. Mfadhili wa kweli hakuombi ada ya fomu kwa simu, tena itumwe kwenye namba binafsi ya mtu usiyemwona. Usimtumie fedha, usimpe namba ya kitambulisho chako cha NIDA wala jina la shule ya mtoto. Ikiwa amekutumia ujumbe wa maandishi, utume kwenda namba 15040, ambayo ni ya kuripoti utapeli wa simu.

La tatu ni mchanganyiko wa taarifa kuhusu fedha za umma. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kama jina lake linavyosema, haigharamii sekondari. Milango yake hufunguka mtoto anapofika chuoni. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ambao wengi huufikiria wanaposema "nenda kwa mbunge", upo kwa sheria ya mwaka 2009 na umekusudiwa miradi ya jamii kama vile madarasa, zahanati na visima, si ada ya mwanafunzi mmoja mmoja. Mbunge akikusaidia, atakuwa ametoa mfukoni mwake, na hilo haliwezi kuwa mpango wa miaka miwili na nusu. Habari nyingi za basari, yaani msaada wa ada, unazokutana nazo mitandaoni kwa Kiswahili ni za Kenya, ambako fedha za majimbo zimekuwa zikitoa basari kwa miaka mingi na ambako kuna ufadhili kama Wings to Fly wa Equity Group Foundation. Ni habari za kweli, ila zimelengwa kwa wanafunzi wa huko.

Huenda ukajiuliza kwa nini Serikali yetu, ambayo tangu Januari 2016 haitozi ada kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, isimsaidie mtoto wa shule binafsi aliyefiwa na mzazi. Sababu iko katika namna fedha zinavyopita. Ruzuku ya elimu bila ada hupelekwa kwenye akaunti za shule za serikali kwa kadiri ya idadi ya wanafunzi wake. Haimfuati mtoto popote anapokwenda. Shule binafsi hailetewi kitu katika fungu hilo, na mishahara ya walimu, mchele, maharage, kuni na marejesho ya mkopo wa benki uliojenga bweni vyote hutoka katika ada za wazazi. Nalieleza hili kwa sababu linaonyesha ni nani hasa mwenye uwezo wa kukupunguzia mzigo, na nitakapofika kwenye barua ya shule utaona umuhimu wake.

Sasa nirudi kwenye ile sentensi. Umeandika kwamba mume wako alifariki kwa ajali akiwa safarini na lori la kampuni. Dada, hicho si kifo cha kawaida mbele ya sheria. Kama alikuwa akitekeleza kazi ya mwajiri wake, ni kifo kilichotokana na kazi, na Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, ulioanzishwa kwa ajili ya jambo hilo hilo. Wanaouchangia mfuko huo ni waajiri. Mfanyakazi hakatwi chochote kwenye mshahara, na ndiyo maana familia nyingi hazijui kabisa kwamba upo. Miongoni mwa mafao yake ni msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi, na mjane pamoja na watoto ndio wa kwanza katika wategemezi hao. Pensheni hiyo hailipwi kama hisani ya kampuni, na mwajiri hana hiari ya kuamua kama unastahili au hustahili.

Mbali na WCF, uliza kama mume wako alikuwa mwanachama wa NSSF, kwa kuwa madereva wa kampuni binafsi wanapaswa kuandikishwa huko. NSSF ina mafao ya urithi kwa mjane na watoto wa mwanachama aliyefariki, na kiasi hutegemea muda aliochangia. Hiyo ni mifuko miwili tofauti yenye madai mawili tofauti, kwa hiyo usikubali kuambiwa tu "tumeshapeleka makaratasi" bila kujua yamepelekwa wapi. Anza na ofisi ya kampuni: omba nakala ya taarifa ya ajali waliyoipeleka WCF, namba ya uanachama wa NSSF ya marehemu, na hesabu ya mshahara au posho ambazo hazijalipwa. Wakikuzungusha, nenda mwenyewe katika ofisi za mifuko hiyo. Beba cheti cha kifo kutoka RITA, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, taarifa ya polisi ya ajali, na karatasi yoyote inayoonyesha kwamba alikuwa mwajiriwa, hata hati moja ya mshahara. Kama ndoa yenu haikuwa na cheti, usikate tamaa wala usikae nyumbani. Waeleze hali ilivyo na uulize ni uthibitisho gani unaokubalika. Madai haya yana muda uliowekwa na sheria, na tangu Februari miezi inakwenda. Ningekuwa wewe ningekwenda wiki hii.

Kwa mali nyingine, kama salio la benki, fedha kwenye simu yake au hisa za SACCOS, itabidi familia ikae kikao, iandike muhtasari, na Mahakama ya Mwanzo imthibitishe msimamizi wa mirathi. Jambo hili huwa gumu pale ndugu wa marehemu wanapokuwa na mawazo yao. Ukiona dalili hizo, usiende peke yako. Tafuta mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inayowatambua, huduma yao kwa wasio na uwezo ni bure, na Afisa Ustawi wa Jamii au Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako anaweza kukuelekeza kwao.

Mafao hayo yanaweza kuchukua miezi, na Julai iko mlangoni. Hapo ndipo tunaingia shuleni. Katika kazi hii nimeona wazazi wengi wakihangaika mji mzima kutafuta mfadhili huku hawajawahi kuketi na mmiliki wa shule, ilhali kwa shule binafsi yeye ndiye mfadhili wa karibu kuliko wote. Mkuu wa shule na mhasibu hutekeleza maagizo. Anayeweza kusamehe, kupunguza au kusogeza malipo ni mmiliki au bodi ya shule. Ikiwa shule ni ya kanisa au ya taasisi ya Kiislamu, uamuzi mara nyingi uko kwa jimbo, dayosisi au bodi ya wadhamini, na barua ya paroko, mchungaji au imamu wa msikiti wako huongeza nguvu. Shule nazo zina sababu zao za kukusikiliza: nafasi ya bweni ikiachwa wazi katikati ya mwaka ni vigumu kupata wa kuijaza, na mtoto anayefaulu vizuri ni miongoni mwa wale watakaoijengea shule jina katika mtihani wa kidato cha nne.

Lakini usiende kuomba huruma bila hesabu. Mwaka huu umebakiza deni la 300,000 na awamu mbili za 600,000, jumla 1,500,000. Kidato cha tatu na cha nne ni 4,800,000. Mpaka amalize, unahitaji 6,300,000, bila kuhesabu sare, nauli, michango na ada ikipanda. Kuanzia Julai mpaka mitihani ya kidato cha nne ni takriban miezi 28, na 90,000 kwa miezi hiyo yote ni 2,520,000, ukiwa huugui wala genge haliyumbi. Pengo ni 3,780,000. Huo ndio ukweli wa suala lako. Ukilipa Julai kwa kukopa, Septemba itakukuta pale pale, kwa hiyo zungumzeni juu ya njia nzima.

Barua yako iwe ya ukurasa mmoja, ielekezwe kwa mmiliki kupitia kwa mkuu wa shule, na kiini chake kiwe kama hivi: "Mume wangu, aliyekuwa mlipaji wa ada, alifariki tarehe fulani, nakala ya cheti cha kifo nimeambatisha. Nimefungua madai ya mafao katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na NSSF. Nakala za kupokelewa kwa madai nimeambatisha. Ninao uwezo wa kulipa shilingi 80,000 kila mwezi kuanzia Julai bila kukosa. Naomba mwanangu aruhusiwe kuendelea na masomo, deni lililopo lisogezwe mpaka mafao yatakapotoka, na bodi ifikirie kumpunguzia ada ya kidato cha tatu na cha nne kwa kuzingatia matokeo yake, ambayo pia nimeambatisha." Unaona kwamba madai ya mafao yanageuka kuwa dhamana ya maneno yako. Ipeleke mwenyewe, baki na nakala iliyogongwa muhuri, na makubaliano yoyote yaandikwe na kusainiwa, kwa maana maneno ya mdomo ya mhasibu wa leo hayamfungi mhasibu wa mwakani. Shule nyingi zitakubali kusogeza malipo. Chache zitasamehe sehemu ya ada. Kusamehewa yote ni nadra, na sitaki uondoke nyumbani ukilitegemea hilo.

Uliza pia kama shule ina nafasi za kutwa, ikiwa mna ndugu wa karibu anayeishi jirani na shule hapo Morogoro. Ada ya kutwa hupungua kwa sababu gharama ya chakula cha siku nzima na malazi huondoka. Hata hivyo, lipime kwa uangalifu sana: binti wa kidato cha pili anayehamia nyumba ya ndugu huweza kugeuzwa msaidizi wa kazi za nyumbani, na usalama wake njiani na ndani ya nyumba hiyo ni jambo la kulijua kabla, si baada.

Kuhusu wafadhili wa nje, nitakuwa mkweli. Wengi wao hawalipi ada katika shule ambayo mzazi amekwisha kuichagua. CAMFED, ambalo limekuwa likisaidia wasichana nchini tangu mwaka 2005, hufanya kazi kupitia shule za serikali. Nyingine ni shule zenyewe zinazosomesha watoto wa familia zisizo na uwezo kwa mchujo wao: The School of St Jude, iliyoanzishwa mwaka 2002, huchukua watoto wa maeneo ya Arusha, na shule ya wasichana ya Sega iko huko huko Morogoro. Kwa mkubwa wako njia hizi hazina nafasi kubwa kwa sasa. Kwa mdogo wake aliye darasa la sita, anza kuuliza Sega mapema taratibu zao za kuwapata wasichana wanaoingia sekondari.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, isiyo na riba, inawahusu wanawake walio katika vikundi, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata atakueleza masharti. Fedha hiyo ni ya kukuza biashara. Ukiingiza kwenye genge ikaongeza kile unachobakiza, umefanya vema. Ukiilipia ada, rejesho litakuelemea na wenzako katika kikundi ndio watakaobeba. VICOBA au SACCOS unayoiamini inafaa kwa kuziba pengo dogo ambalo unajua tarehe utakayolimaliza, kwa mfano kumalizia ile 300,000, lakini si kwa kubeba miaka miwili.

Limebaki lile usilotaka kulisikia, nami nalisema kwa heshima. Kumhamishia binti shule ya serikali si adhabu kwake wala aibu kwako. Ada hakuna, mtaala ni ule ule, mtihani ni ule ule wa NECTA. Bado utagharamia sare, madaftari na mchango wa chakula, na inawezekana darasa likawa na wanafunzi wengi na walimu wa sayansi wakawa wachache; kwa mtoto aliyezoea bweni lenye ratiba ya usiku, hilo ni badiliko la kweli. Kwa upande mwingine, binti aliyempoteza baba mwezi Februari huenda akahitaji kulala nyumba moja na mama yake kuliko tunavyodhani. Muulize Afisa Elimu Sekondari wa jiji kuhusu shule zenye nafasi, zikiwemo za bweni za wasichana zilizojengwa na Serikali mikoani miaka ya karibuni.

Ukifika uamuzi huo, wakati unaofaa ni mwisho wa mwaka huu, baada ya upimaji wa kidato cha pili na kabla ya kidato cha tatu kuanza. Usimhamishe katikati, kwa sababu mwanafunzi husajiliwa kwa mtihani kupitia kituo chake miezi mingi kabla, na alama zake za maendeleo hufuatana naye. Uhamisho huanzia shule anayosoma, na hapo deni linaweza kuwa kikwazo. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na makubaliano ya malipo yaliyoandikwa. Shule ikikataa kabisa kutoa uhamisho, Afisa Elimu wa halmashauri ilipo shule ndiye wa kukutanisha pande mbili, na kwenda kumwona ana kwa ana kuna faida kuliko simu kumi.

Vilevile, usilitazame pengo hili kana kwamba litaendelea milele. Wahitimu wa kidato cha nne wa shule binafsi nao huchaguliwa kujiunga na kidato cha tano katika shule za serikali, zikiwemo Msalato hapo Dodoma na Kilakala pale Morogoro, na ada ya kidato cha tano na cha sita ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023. Chuoni ndipo Bodi ya Mikopo itakapomhusu, na kufiwa na mzazi ni jambo wanalolizingatia kwa uthibitisho wa RITA. Kwa hiyo cheti cha kifo kitunze vizuri. Na kama mtu au taasisi itamlipia binti ada kuanzia sasa, omba barua ya ufadhili na uihifadhi, kwa maana mwombaji aliyesoma sekondari ya kulipia hutakiwa kueleza nani alimlipia.

Zungumza na binti pia, kabla Julai haijafika. Ana umri wa kuelewa, na yaelekea ameshaona kwamba mambo si kama zamani. Mwambie deni ni kiasi gani, umekwenda wapi, na uamuzi wa kuhama au kubaki utafanywa lini. Akiwa hataki kula, hapati usingizi, au matokeo yake yameanguka ghafla tangu msiba, mwalimu wa malezi shuleni na Afisa Ustawi wa Jamii wanapaswa kujua, na hilo usilisubirishe mpaka suala la ada liishe.